Waridi la Nyuma ya Chumba cha Ndete

…Opicho, karani mwenzangu wa zamani, kwenye kigoda, Nthoki muuza sukuma, kikapu chake chini, na mimi, Luseno, niliyeinama mbele ya ua la waridi, ndio sisi tulio hapa Kaloleni saa sita hii ya mchana, nahesabu watu kama naandika taarifa, mazoea ya ofisi ya bustani hayajanitoka, na mgongo unauma, ua moja tu kwa miaka mitatu, kosa langu, nilikikata kichaka hadi magotini kama kitabu cha Waingereza kilivyoagiza, na mawaridi ya jamii ya chai hayataki mkasi, hununa, lakini mimi niliamini ni la China, nilitaka liwe la China, nakiri, ndiyo maana nikalitunza… Luseno, nisikilize kidogo, anasema Opicho, nimetoka kuonana na watu wa Machakos, ngoja, namwambia, ngoja jua lifanye kazi yake, maana la China hukolea juani, huchanua pinki hafifu na kufikia mchana limewiva wekundu, mengine hupauka, hakuna ushahidi mwingine wa uhakika, majani hufanana… Mzee, unanusa ama unaliombea? Nthoki anacheka, nami nimenusa, harufu ni ya pakiti ya majani ya chai iliyofunguliwa sasa hivi, na shingo ya ua imeinama, mama, macho yangu yana ukungu, hebu niambie ni rangi gani, aaa, hii imepauka, Mzee, kama leso ya kufuliwa kila siku, na asubuhi si ilikuwa pinki kabisa?… imepauka… mwaka 1957, getini mwa ofisi, vijiti vitatu mfukoni mwa Ndete mtunza bustani, majani matupu, ua hakuna, akasema, karani, hivi nimevitoa kwenye uzio wa makaburi ya zamani, si vya hapa, nami, kijana wa misheni mwenye hati nzuri, sikungoja ua, nikaandika jina kamili, waridi la China, mali ya ofisi, kama yale ya bustani yetu, wakubwa wakamtupia vijiti vyake na kumfukuza kabla ya saa nane, akavichomeka hapa nyuma ya chumba chake, akarudi kwao Machakos na mkewe na watoto, na mimi nikapandishwa cheo, miaka thelathini nikipita mbali na ukuta huu, kisha nilipostaafu nikaja na mkasi, nikitafuta ua la kunitetea… Luseno, tafadhali, habari ya Machakos, ngoja, Opicho, nimechoka lakini Jumamosi nitapanda basi, nitaketi mbele ya Ndete, nitamwambia ni la chai, ni la makaburini, ulisema kweli nami niliandika uongo kwa mwandiko mzuri, sitasema nilikosea jina, hapana, nitasema nilikukosea wewe, nitasema nisamehe, neno ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, Opicho ameinuka, amenishika kiwiko, ua liko palepale, na anasema Ndete alifariki Jumatatu.