Swali Refu la Mama

Nakubali mapema ili tusisumbuane: nilikuwa najiona mjuzi. Wiki mbili kabla ya kuhama nilinunua daftari jipya, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza UMEME, wa pili MAJI, wa tatu INTANETI, nikapiga mstari chini ya kila neno kwa rula. Kuna watu huhamia kwanza ndipo hugundua bomba limekauka tangu mwaka juzi. Mimi si wa hivyo. Mimi ni karani wa mapokezi katika kliniki ya meno, na kazi yangu ni kumsikiliza mtu aliyevimba shavu akinisimulia kuanzia muwa aliotafuna utotoni, kisha kuandika kwenye kadi: "Gego, chini, kulia." Maneno mia mbili yanaingia, matatu yanatoka. Daktari hunisifu kwa hilo.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, na chumba kimoja kilikuwa cha Mama.

Mama ni kiziwi tangu kuzaliwa, na mdogo wake pia, yule ninayemwita Mama Mdogo. Wameishi zaidi ya miaka thelathini nyumba zao zikitazamana, kila jioni viti viwili kibarazani, mikono inakwenda. Lugha ya alama ndiyo niliyoanza nayo. Kusema kwa mdomo nilijifunza kwa majirani. Jina langu kwa mkono wa Mama ni vidole vinavyofunguka na kufumba kando ya mdomo, kama mdomo wa bata. Mpayukaji, tuseme. Sikuwahi kuuliza lilitoka wapi, kwa sababu kila anayenijua angesema limenikaa.

Mwaka huu Mama aliteleza bafuni, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi saa sita mchana. Hata angeweza kupiga kelele, jirani wa kumsikia ni kiziwi mwenzake. Mama Mdogo ndiye aliyemkuta. Niliposikia roho ilinitoka. Nikasema basi, aje tuishi wote mjini kwangu. Alikubali kwa sharti moja: kila siku saa kumi jioni azungumze na mdogo wake kwenye tableti, kama walivyozoea kibarazani.

"Mwezi mmoja," aliniambia kwa mikono. "Nikiona siwezi kuzungumza, narudi kwangu."

Alikuja na begi moja la kahawia, akaliweka chini ya dirisha. Kabati nililomnunulia halikupata hata kanga moja. Kila asubuhi alitoa nguo ya siku hiyo na kufunga zipu.

Kwenye umeme nilifanya vizuri, tupeane haki yetu. Mwenye nyumba alitaka tuchangie mita na familia ya ghorofa ya chini. "Mtaelewana tu kindugu," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hatakuwepo siku ya kutoelewana. Nikakataa katakata. Kwetu taa ikizimika, mazungumzo yanakatika katikati ya neno. Niling'ang'ania mpaka tukapata mita yetu wenyewe, nikanunua na taa mbili za kuchaji, moja ya sebuleni na moja ya juu ya kitanda cha Mama. Alipoziona alinipapasa shavu. Maji nikachagua bomba pamoja na tenki la juu ya paa, maana bomba peke yake lilikuwa na siku zake za kununa. Nikatia alama ya vema kwenye kurasa mbili, kichwa kikavimba.

Ukurasa wa intaneti ulijaa hadi pembeni. Kampuni nne, bei, kasi, na maoni ya majirani, ambayo hayakunisaidia kitu: wa kushoto alisifia kampuni ileile ambayo wa kulia aliapa hatairudia maishani. Nikachagua yenye kasi kubwa kwenye tangazo. Siku ya kutia sahihi Mama akasema tunakwenda wote, anataka kumtazama muuzaji usoni.

Dada wa kaunta alikuwa na miwani mikubwa na uchangamfu wa asubuhi. "Filamu haikwami," alisema, "hata nyumba nzima mkiangalia kwa pamoja!" Mama akanigusa bega, akaanza kuuliza. Aliuliza kwa mikono yote miwili, kwa utaratibu, kama anavyofanya jambo likimgusa. Alichukua muda. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mtu mmoja alikohoa kile kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Mama anasemaje?" dada akaniuliza.

"Anauliza kama ina kasi," nikasema.

"Mwambie ni balaa!"

Nikamgeukia Mama. "Anasema ndiyo."

Mama aliutazama mdomo wangu, kisha akanitazama machoni. Akatikisa kichwa kidogo. Sikuuliza ni kwa lipi. Nikatia sahihi.

Fundi alikuja, akafunga kiboksi dirishani, akatujaribishia filamu. Picha ilikuwa safi, ungeweza kuhesabu ndevu za mwigizaji. Saa kumi Mama alimpigia mdogo wake, na Mama Mdogo akatokea akionekana mpaka kovu la kidole chake. Nikatia vema ya tatu, nikaenda jikoni kukaanga vitunguu nikiwa nimejaa furaha.

Siku za kazi narudi saa kumi na mbili, nikimkuta Mama ameshamaliza kuzungumza. Jumamosi na Jumapili nilimwona: Mama Mdogo anaongea, Mama anaitikia kwa kichwa, dakika tano, kwisha. "Mbona mazungumzo mafupi hivyo?" nilimuuliza. Akajibu hakuna jipya. Nikajiambia anazoea maisha mapya, na nikajipongeza kwa hilo pia.

Siku ya ishirini na nne daktari alifunga kliniki mapema. Nilifungua mlango nikakuta begi la kahawia limesimama hapohapo, zipu imefungwa hadi mwisho. Mama alikuwa kwenye kiti, amevaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu."

"Mwezi haujaisha!"

"Siku zilizobaki hazitabadilisha kitu."

Nikapandisha hasira. Mikono nayo hupiga kelele, na yangu ilipiga: mita nimepigania, tenki nimeweka, intaneti nimekuletea ya kasi kuliko jengo zima, mdogo wako unamwona mpaka kovu, unataka nini tena? Mama alingoja nimalize. Kisha akachukua tableti, akampigia mdogo wake, akanisukuma mimi mbele ya skrini.

Mama Mdogo akatokea, safi kabisa. Nikamwamkia, nikamwambia Mama anataka kuondoka, amshauri asubiri. Akakunja uso, akaisogelea skrini.

"Umeganda," alisema. "Mkono uko juu. Rudia."

Nikarudia polepole.

"Nimeona 'Mama'. Halafu ukungu. Sasa umeganda tena. Nyie mna nini huko? Wiki tatu naongea peke yangu. Dada yangu amekuwa picha ya ukutani."

Nikakaa. Sisi wa kusema kwa mdomo, picha ikiganda, sauti angalau hupenya. Mama hana akiba hiyo. Mkono ukiganda, neno limeishia hapo. Intaneti niliyomchagulia ilikuwa hodari kwa kupokea na mbovu kwa kutuma. Matangazo husifia kupokea tu, na mimi na rula yangu hatukuweka safu ya kutuma popote kwenye daftari.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliuliza dukani," Mama alisema. "Niliuliza: mdogo wangu akiniambia jambo nitaona, sawa, lakini mimi nikimwambia, ataona kila kidole? Nikaeleza kwamba mwendo wa mkono ukikatika, maana inakatika. Nikaomba nijaribu palepale kabla hatujatia sahihi. Wewe ulimwambia nini yule dada?"

Sikuwa na pa kujificha. "Nilimuuliza kama ina kasi."

"Najua. Nilitazama mdomo wako. Ulifunguka kidogo ukafumba."

"Kumbe huwa unaona?"

Akacheka kidogo, bila furaha nyingi. "Ulikuwa na miaka saba. Mwalimu wako aliniita shuleni. Alizungumza sana, uso ameukunja, kisha akafanya hivi." Akafungua na kufumba vidole kando ya mdomo. Jina langu. "Nikakuuliza anasemaje. Ukaniambia: 'Anasema naendelea vizuri.'"

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Miaka yote hiyo ameniita kwa uongo wangu mwenyewe, na mimi nimeitika.

"Nilidhani ni kwa sababu napenda kupiga domo."

"Hilo pia," alisema. "Mwanangu, mimi nilikuwa na mdomo mmoja tu wa kunisemea, na wenyewe ulikuwa unachagua cha kusema. Safari hii ningekuambia, lakini ulikuwa umehangaika sana na daftari lako. Nikaona bora niende tu."

Nikamwomba siku moja. Nikamwambia kesho tunarudi dukani, anasema yeye, na mimi sipunguzi hata neno. Alilitazama begi. Akavua kiatu kimoja, akafikiri, akavua na cha pili.

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu kuliko mara ya kwanza, kana kwamba imeagizwa. Dada wa miwani alinikumbuka. "Mwambie mama karibu sana..."

"Zungumza naye mwenyewe, dada," nikasema. "Mtazame yeye. Mimi nitafikisha."

Mama akaanza, na mimi nikasema kila alichosema, nikitaja "mimi" kwa maana ya yeye, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. "Mimi nazungumza kwa mikono. Intaneti yenu inaniletea mikono ya mdogo wangu, lakini yangu haiipeleki. Kila siku saa kumi nakaa mbele yake nikiwa nimenyamazishwa." Kule nyuma watu waliacha kusogeza miguu. Mama akaendelea, sasa akinitazama mimi, na nilijua ananipima.

"Mara ya kwanza niliyauliza haya yote hapahapa. Mwanangu hakuyafikisha. Ana tabia ya kunifupisha tangu mdogo."

Dada wa kaunta alinitazama, hajui amwonee huruma nani. Mikono ya Mama haikusimama, na mimi sikuruhusiwa kusimama.

"Ni binti mzuri. Lakini foleni ikiwa ndefu, ananionea aibu."

Hilo sikuwa nalijua. Nililisikia likitoka mdomoni mwangu, kwa sauti yangu, na nikatambua kwamba ni kweli. Nilitamani sakafu inimeze. Mama alinishika kiwiko, akakiachia.

Dada alivua miwani. "Mama, sijawahi kuulizwa kuhusu kutuma. Kila mtu anauliza filamu." Akabonyeza-bonyeza kompyuta yake, akainama kwenye kaunta. "Yetu inatuma sehemu moja ya kumi ya inayopokea, na mtaa wenu hatuna ya namna nyingine. Wale wa ng'ambo ya barabara wana waya hadi kwenye jengo lenu, na wanatuma sawa na wanavyopokea. Msiseme nimewaelekeza mimi."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kiofisi kidogo, feni moja, na baba mmoja mwenye bisibisi mfukoni mwa shati. Nilimfikishia ombi la Mama la kujaribu kwanza. Akasema hajawahi kujaribisha mtu kabla ya kulipa, kisha akachomoa bisibisi, akafunga kiboksi kwenye waya wake, akaunganisha tableti.

Mama Mdogo alitokea. Mama aliinua mkono, akasema sentensi moja fupi, akangoja. Mama Mdogo alijiziba mdomo kwa kiganja, kisha akajibu, na hapo wakafunguka wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake, kama zamani kibarazani. Walikwenda dakika kumi nzima. Yule baba alihamisha macho kutoka mikono hii hadi ile, bisibisi ameisahau mkononi.

Mwishowe Mama alimuaga mdogo wake, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Amesemaje?" yule baba akaniuliza. "Inafaa?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: inafaa. Nikavuta kiti nikakaa.

"Nimemwambia mdogo wangu," nikaanza, "kwamba nimemkosa wiki tatu nzima, na kila siku namwona. Yeye ameniambia kuku wake wawili wamepotea na anamshuku jirani. Nimemwambia sufuria za binti yangu ni nyembamba, zinaunguza kila kitu. Akaniuliza narudi lini. Nimemwambia leo nikifika nyumbani nitafungua begi, nipange nguo kabatini."

Hapo sauti ilinikatika. Nikangoja irudi, kwa sababu maneno yalikuwa bado hayajaisha.

"Nimemwambia kabati lenyewe ni zuri. Na ndiyo, inafaa."

Mama alikuwa akiutazama mdomo wangu muda wote huo. Nilipoufunga, akaitikia kwa kichwa.