Meza ya Mfano

Tangu niwekwe kwenye meza ya kupokea malalamiko, hakuna mwananchi aliyewahi kuondoka mbele yangu akilia. Muulizeni yeyote hapa Nyeri mjini. Watu huja kituoni nyuso zimekunjamana kama shuka lililolaliwa, nami huzinyoosha kwa mzaha mmoja, na wa pili ikibidi. Wengine huondoka wamesahau hata kilichowaleta.

Kwa hiyo wakuu wa polisi wa kaunti za Mlima Kenya walipoamua kukutana mjini petu waandike viwango vya pamoja vya kuhudumia umma, ili mtu wa Kutus na mtu wa Mweiga wapokewe kwa heshima ileile, mkuu wetu wa kituo, Bwana Mburu, hakutafuta mbali.

"Munene," aliniambia, "wewe ndiye askari wa mfano. Tutaweka meza mbele ya ukumbi, mwananchi mmoja kati ya wageni aje na shida ya kubuni, wewe umpokee inavyotakiwa. Ukiwapendeza watakuzungusha vituo vyote ukafundishe wenzako. Usiniaibishe."

Kuzungushwa vituo vyote! Nilianza mazoezi jioni hiyohiyo mbele ya kioo: simama, salimia, mpe kiti, sikiliza, usimkatize. Kioo kilinisifu sana.

Asubuhi ya mkutano nilikaa kwanza kwenye meza ya kweli, suruali imepigwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Wa kwanza alikuwa Govind, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa amepoteza leseni ya udereva. Govind ni mtu wangu. Nilimpa kiti na tukataniana kidogo nikijaza karatasi zake. Nyuma yake alisimama mama mmoja aliyevaa gambuti za mpira zenye matope, leso kichwani na nyingine mabegani, maana baridi ya Julai yetu haina huruma.

"Kijana yangu, naitwa Watiri. Nimetoka Mweiga na gari ya maziwa. Niko na shida. Shiku hajarudi."

"Shiku ni nani, mama? Msichana ama mbuzi?"

Benchi lote likacheka. Nilikuwa nimeamka vizuri.

"Ni msichana yangu. Anasuka watu nywele hapa taoni, anaishi Skuta. Kila jioni lazima anipigie simu. Jana hakupiga, na simu imezimwa. Nimepita kwake, mlango iko na kufuli. Na kuna mwanaume amekuwa akimfuata akitoka kazi. Aliniambia anamwogopa."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili, na mwanaume yupo? Ai, mama! Huyo hajapotea. Huyo amepatikana."

Govind alicheka hadi miwani ikamteleza puani. Watiri naye alicheka, kile kicheko kifupi ambacho watu humpa askari wakiogopa kumnyima. Kisha akatoa picha chini ya leso na kuninyooshea. Sikuipokea. Nilikuwa natazama saa ya ukutani, nikihesabu muda wa kupiga viatu rangi.

"Rudi kesho wakati kama huu," nilimwambia. "Lazima saa ishirini na nne ziishe kwanza. Ni sheria."

Aliirudisha picha alikoitoa. Pale mlangoni alijifunika uso kwa ncha ya leso, na mabega yake yakatikisika. Nilijiambia ni baridi.

Ukumbini kulikuwa na joto la watu wakubwa. Wakuu walikaa nusu duara, kofia zimelazwa mezani, na nyuma yao wageni: watu wa makanisa, wafanyabiashara, walimu. Nilitarajia hotuba za kusinzilia. Lakini mkuu mmoja kutoka upande wa Kirinyaga, Bi Monicah, mwanamke mfupi wa sauti ya chini, alisimama akauliza swali moja tu.

"Hii habari ya kumwambia mzazi angoje saa ishirini na nne ndipo tumtafute mtoto wake, imeandikwa wapi? Nionyesheni."

Wakuu wakatazamana. Mmoja akakohoa.

"Kusema ukweli, afande, tuliikuta ikisemwa," alisema mkuu wa Laikipia, "na sisi tukasema."

"Basi haiko. Haijawahi kuwa. Saa za kwanza ndizo za kumpata mtu akiwa hai, na hizo ndizo tunazimwaga nje kama maji ya kuoshea vyombo. Hilo ndilo la kwanza tutakaloandika leo, sote, kwa pamoja."

Wakapiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu, na kila kofi lilinipata mimi. Nilifunzwa ile "sheria" na koplo aliyenifunza pia kuwasha jiko la kituo, na sikuwahi kuulizia lolote kati ya hayo mawili. Nilijaribu kukumbuka jina la mtaa alioutaja yule mama. Nililikumbuka vizuri sana. Hilo ndilo lililonisumbua. Nilikuwa nimemsikia kila neno.

Wakati wa chai nilitoka nje nikampigia Ndungu, aliyekuwa amebaki mezani pangu.

"Yule mama wa Mweiga amerudi?"

"Mama gani? Sijaachiwa habari ya mama yeyote. Kuna shida?"

Hapo ndipo ningesema. Skuta si mbali. Gari la doria lilikuwa limeegeshwa pale kituoni. Lakini kusema kungemaanisha kueleza kwa nini sikusema mapema, na Ndungu angemweleza koplo, koplo angemweleza Mburu, na Mburu alikuwa ndani akiwaonyesha wenzake kiti changu. Nikajiambia nitalishughulikia nikimaliza tu kuigiza.

"Hapana," nilisema. "Si kitu. Nilikuwa nauliza tu."

Niliporudi ndani nilimwona Govind amechelewa kuingia, amekaa karibu na mlango. Moyo ulitulia kidogo. Angalau kulikuwa na mtu mmoja aliyejua kucheka.

"Sasa tupate mwananchi," alisema Bwana Mburu, na kabla hajamaliza, Govind alikuwa tayari anatembea kuja mbele.

Nilisimama. Nilimsalimia kwa mikono miwili. Nilimvutia kiti. Niliona kalamu za wakuu zikiandika mambo mazuri.

"Karibu, mzee. Tukusaidie na nini?"

Hakukaa. "Shiku hajarudi," alisema.

Kisha akaweka picha mezani. Msichana wa gauni la njano, anacheka, na begani mwake mkono wa mtu mwingine ambaye mkasi ulikuwa umemwondoa. Nyuma huko mtu alinong'ona kwa kuvutiwa, "Ai, hawa wamejitayarisha!"

Nilichukua kalamu. "Jina... jina lake kamili?"

"Asubuhi hukuuliza jina."

Bi Monicah akaweka kalamu chini. "Asubuhi gani?"

Nilijaribu kutabasamu. Nilisikia uso wangu ukikataa. "Bwana Govind, huu ni mfano tu."

"Mama yake yuko hapo nje, kwa gari yangu," alisema Govind, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilimkuta amekaa kwa ngazi ya duka, picha mkononi. Nikamwambia twende, leo wakubwa wote wako pamoja. Amekataa kuingia. Aliniuliza kama ni wewe uko kwa meza."

Hakuna kalamu iliyokuwa ikiandika. Bwana Mburu alinitazama, kisha akaitazama picha, kisha hakunitazama tena.

"Ambia hawa vile ulimwambia mama," Govind aliendelea. Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Sema tu, Munene. Hata mimi nilicheka. Wacha tuone kama na wao watacheka."

Nje, mlango wa gari ulifungwa. Kisha, taratibu, kwenye saruji ya baraza, nikasikia gambuti.