Gari la Makaa ya Dobi

Udongo wa kichuguu ulikuwa umenikaukia hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nimeukanda na majivu, nikawa naupaka taratibu kuzunguka mlango mdogo wa pipa la kuchomea makaa, kila ufa kwa kidole, kwa sababu hewa ikiingia pasipo njia yake, moto huila gesi yote kabla haijafika kwenye injini. Bwana Gozbert alikuwa amechuchumaa upande wa pili akinishikia karai, suruali yake ya ofisini ameikunja mpaka magotini. Alikuwa karani wa reli. Alichukua likizo ya siku nne kwa ajili ya kazi hii, na Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya tatu.

Gari lenyewe lilikuwa Chevrolet ya mwaka 1928, nyuma limejengwa kwa mbao. Alilinunua kwa Mgiriki mmoja aliyefunga shamba lake la mkonge. Vita vilipokuja, petroli ikawa ya kibali, na karani hakupewa kibali. Mwaka mzima gari lilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yake pale Temeke, na kuku wakahamia kiti cha mbele.

Mkewe, Mama Felicitas, alivumilia, kisha akachoka. Alipatana na mtu mmoja wa Kariakoo, mnunuzi wa magari ya kuvunja vipande, aje alichukue Ijumaa alasiri. Aliposikia kwamba mumewe ameniita nilibadilishe gari liende kwa makaa, hakugomba. Aliweka sharti tu: kabla mnunuzi hajafika, gari limpeleke yeye Mtoni kwa dada yake Auleria na limrudishe, na lisisukumwe na jirani hata mmoja. Likishindwa, liende likavunjwe. Bwana Gozbert alikubali, na tangu siku hiyo hakula vizuri.

Mimi sikusomea ufundi. Kule Lindi nilikuwa mtia makaa kwenye injini ya mashine ya mkonge, injini ambayo haikuijua petroli kabisa, ilikula gesi ya makaa. Kwa miaka sita niliitazama ikifunguliwa na kufungwa. Kwa hiyo nilijua kwamba jambo linawezekana. Nilichokuwa sijui ni kama linawezekana kwa pipa la mafuta, mabomba mabovu ya maji, na gunia la makumbi ya nazi kuwa chujio.

Tulipowasha asubuhi ile, Bwana Gozbert alipuliza kwa mvukuto hadi shati likamganda mgongoni. Moshi ulitoka mzito, wa manjano, ukavuka ua. Nilishika kiberiti kwenye mdomo wa bomba. Mwali ukaja mwekundu, ukatapatapa, ukazimika. Nikazungusha hendeli. Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Nilipoifungua nikakuta vali zimeshikwa na kitu cheusi kinachonata kama lami.

Nilisafisha kwa mafuta ya taa, tukajaribu tena. Yakawa yale yale. Nikakagua maungio yote, moja baada ya jingine, nikiweka alama ya chokaa kwenye kila lililo zima. Yote yalikuwa mazima. Makaa sikuyashuku. Bwana Gozbert aliyachagua mwenyewe kwa kufuata maagizo ya mkewe: mazito, mapande makubwa, yanayoweza kukaa na moto mpaka maharage yaive. Hata mama yangu alichagua makaa hivyo hivyo. Niliyatazama nikaona ni makaa mazuri kuliko yangu ya nyumbani.

Tulikuwa tumekaa chini Bakari dobi alipoingia uani. Nyumba yake ilipakana na ile. Mkononi alikuwa na kanzu nyeupe ameining'iniza kama mtu aliyeshika samaki mkiani.

"Fundi Benedikto," alisema, kwa upole ulionitia hofu, "hii kanzu ni ya mwalimu wa chuoni. Kesho Ijumaa. Nimwambie imepata ndui?"

Kanzu ilikuwa na madoa meusi kifua kizima. Nilimwomba radhi, nikasema nitaifua mimi. Bwana Gozbert naye akaanza maelezo marefu juu ya upepo. Bakari hakutusikiliza. Alikuwa akitazama gunia la makaa. Aliokota pande moja, akalipima kwa kiganja, akaligonga kwenye jiwe. Lilitoa mlio mzito wa kuni. Likavunjika, na ndani lilikuwa la hudhurungi.

"Haya makaa ya maharage," alisema. "Mie nikitia haya kwenye pasi, Temeke nzima itanihama."

Akatueleza huku akicheka. Makaa ya jikoni ni mazito kwa sababu ndani bado kuna mti, na ule mti ndio unaotoa moshi. Sufuria haijali moshi. Kanzu inajali. Dobi huchoma makaa yake mwenyewe kwa vifuu vya nazi, hadi yawe mepesi na yalie kama sahani iliyovunjika. Nilitazama ile lami kwenye kitambaa changu, nikaona aibu. Kule Lindi makaa yaliletwa tayari. Kwa miaka sita nilikuwa nayatia ndani ya injini, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza mtu yamechomwaje.

Bwana Gozbert akauliza atauziwa gunia kwa kiasi gani.

"Sitaki hela, bwana karani. Nataka kukaa mbele."

"Mbele ni pangu," Mama Felicitas alisema kutoka jikoni.

Basi Bakari akakubali kukaa nyuma, karibu na pipa. Alileta gunia lake. Tulivunja makaa ya vifuu yawe na ukubwa wa ndimu, tukapepeta vumbi kwa ungo, nikasafisha vali kwa mara ya tatu, nikabadilisha makumbi. Kazi hiyo ilituchukua hadi adhuhuri. Bakari alikwenda kuswali, akarudi kabla hatujamaliza.

Tulipowasha, moshi haukuonekana. Bwana Gozbert alidhani moto umezimika, akataka kuinamia bomba anuse, nikamzuia, maana gesi ile huua bila harufu. Nikasogeza kiberiti. Mwali ukasimama wa buluu, umetulia. Nikazungusha hendeli mara moja. Injini ikakohoa, ikashika, ikaendelea. Bwana Gozbert alivua kofia yake, akaishika kifuani kama yuko kanisani, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta.

Mama Felicitas alitoka amevaa gauni lake la Jumapili na mwavuli. Aliwafukuza kuku, akapangusa kiti, akapanda; mumewe akashika usukani, mimi nikakaa nyuma na Bakari. Tuliingia barabara ya Kilwa taratibu sana. Mtu wa baiskeli alitupita, akageuka kutuuliza kama tuna mizigo atutangulie nayo. Bakari alimjibu kwamba sie hatuna haraka, tumetoka ili tuonekane. Pale Mtoni, Auleria alitoka na mwiko mkononi, akazunguka gari mara mbili, akamwambia dada yake kwamba amekuja na jiko lake mwenyewe. Tulicheka, tukanywa maji, tukageuza.

Wakati wa kurudi ndipo tulipofika kwenye mwinuko. Gari likapunguza mwendo, likatetemeka, likasimama. Bakari alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje.

"Bwana Bakari, wewe ni jirani," Mama Felicitas alisema bila kugeuka. "Kaa."

Niliomba dakika chache. Nilichokoa moto, nikasubiri upate nguvu. Tukasogea hatua kumi, tukasimama tena. Bwana Gozbert alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Mama Felicitas alishuka. Alimpa Bakari mwavuli, akafunga kanga juu ya gauni lake, akaenda nyuma, akaweka bega kwenye mbao.

"Mama Felicitas," mumewe alisema, "sharti lako..."

"Nilikataza majirani. Mimi ni mwenye gari. Kanyaga."

Gari likapanda.

Tulifika nyumbani jua lingali juu. Niliwaeleza kwamba kazi haijaisha: bomba la kutoka kwenye chujio linapata moto mno, na tundu la hewa ni dogo, ndiyo maana mlima ulitushinda. Bwana Gozbert alinawa mikono polepole, kisha akamuuliza mkewe, kwa sauti ya chini, kama kesho amsubiri yule mtu wa Kariakoo.

Mama Felicitas alisema haifai kumsumbua mtu kuja mpaka Temeke bure. Aende Bwana Gozbert mwenyewe Kariakoo asubuhi na mapema akamwambie. Na aende kwa miguu, kwa sababu fundi hajamaliza.

Nilifungua bomba likiwa bado na joto, nikalilaza juu ya jamvi kivulini, na patasi ya kupanulia tundu nikaiweka kando yake. Nikamwachia Bakari gunia tupu alijaze makaa ya vifuu, nikawaambia nitaanza umande ukikauka.