Sukari ya Kofiani

Usiku wa jana niliota niko kliniki ya kisukari, na nesi anayeita majina ni upawa. Sikushangaa. Kliniki ile naihudhuria mwezi wa nne sasa, nimeshaona watu wa kila namna.

Mkononi nilishika glasi ya chai. Kichwani nilivaa kofia yangu ya kiua, na ndani ya kofia, kama kila siku, kulikuwa na kijikaratasi cha sukari. Niliseme mapema, maana ndilo lililoniponza. Daktari alishaniambia kwamba sukari isiposhuka, kidole changu cha mguu chenye kidonda kitakatwa. Mke wangu Mwanakombo, mzima wa afya, aliacha sukari siku hiyo hiyo. Alisema haoni raha kunywa tamu mbele yangu. Kila asubuhi anamimina glasi mbili, na kila asubuhi akigeuka kuchukua mihogo, mimi navua kofia. Nimeshajifunza kukoroga bila kijiko kugusa glasi.

"Foleni mbili!" alisema Upawa. "Mchanganyiko sare, kulia. Wasio sare, kushoto."

Mbele yangu alisimama Makande, amevaa koti. Nikamuuliza sare ni nani.

"Sare ni yule ambaye ukimchota juu, ukimchota chini, ni yule yule," alisema. "Mimi siwezi, mjomba. Mahindi haya, maharage haya, kila mtu na sura yake."

Upawa akamchota mara mbili. Mara ya kwanza yalitoka maharage saba, mara ya pili mahindi matupu. Akapelekwa kushoto. Kachumbari naye akachotwa: juu nyanya, chini maji ya ndimu. Alikwenda kushoto akilia, lakini yule ana kitunguu, analia hata harusini.

Maji ya Chumvi alionjwa juu, akaonjwa chini, ladha ile ile. Kulia. Maziwa Mabichi akamfuata kwa madaha.

"Wewe tulia kwanza," alisema Upawa.

Tukasubiri. Malai yakapanda juu taratibu, Maziwa akahamia kushoto bila kumtazama mtu.

Zamu yangu inafika. Hatuko tena kliniki, tuko jikoni kwetu, chini ya meza iliyo ndefu kama ghorofa.

"Chai bila sukari," nasema.

Upawa anachota juu, anachota chini. "Sare. Lakini sare ya nini na nini?"

"Maji na majani."

Akaitwa Chujio, mzee mpole. Alipitisha chai yote, akabaki na majani machache. "Mimi sukari siioni hapa," alisema. Nilimpenda sana Chujio.

Kwenye meza ya karani, Sisimizi alivua miwani. "Kilichoyeyuka hakishikwi na chujio, mzee wangu. Kinapita pamoja na maji. Mpeni Sufuria, akaushe."

Sufuria alikuwa amekaa juu ya mkaa, hana haraka. "Ya mama nayo iletwe," alisema. "Nitazikausha zote mbili."

Glasi ya Mwanakombo ikaja yenyewe, ikasimama karibu na yangu. "Usiogope," iliniambia. "Si tunakunywa kitu kimoja?"

Hapo nilitaka kukimbia. Miguu ilikuwa imeshayeyuka mpaka magotini.

Sufuria anachemsha ya mke wangu kwanza. Maji yanapaa, yanapaa, yanakwisha. Chini panabaki doa la majani tu. Kisha anachemsha yangu. Panabaki donge la kahawia linalonata, na katikati ya donge, kimesimama wima, kidole cha mguu.

"Hiki cha nani?" aliuliza Sufuria.

Glasi ya Mwanakombo ilinigeukia, ikanitazama. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Sukari yenyewe iko wapi?" aliuliza Upawa.

"Kofiani," alisema Sisimizi, akiandika. "Tutakwenda kuikagua asubuhi."

Nikaamka. Kumekucha. Kitu cha kwanza nilihesabu vidole: kumi.

Halafu nikaona ukutani. Mstari wa sisimizi ulitoka dirishani, ukapita juu ya kalenda, ukaingia kwenye kofia yangu iliyotundikwa msumarini. Mwanakombo alikuwa amesimama pale, kanga begani, anautazama.

"Mama Salehe," nikasema, "nimekuwa nakudanganya."

"Najua, baba Salehe. Hawa wanakuja tangu mwezi wa mfungo sita."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka niambiwe na wewe, si na wadudu."

Akaitungua kofia, akaikung'uta dirishani, akanivisha. Kisha tukaenda jikoni, akamimina glasi mbili.

Leo hakugeuka kuchukua mihogo. Nilikwenda mimi. Nilivua kofia kwanza, nikaiweka mezani mbele yake, imefunuka ndani kote.

Chai ilikuwa mbaya sana. Niliimaliza.