Zege la Shemeji

Krwaa. Kimya. Krwaa.

Mama Vifungo aliisikia sauti hiyo kabla hajafumbua macho: chuma kinakwaruza saruji. Akajua kuna mtu amemtangulia mtaroni. Alikaa kitandani kidogo, akiyasikiliza magoti yake. Miaka kumi na tisa alikuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara, na leo, siku ya kuzibua mtaro, barua ya kujiuzulu ilikuwa mkobani pamoja na muhuri wa chama. Saa nne angemkabidhi mwenyekiti vyote viwili, basi. Auze vifungo vyake na nyuzi zake, azeeke kama watu wengine.

Nje, wingu lilikuwa limekaa juu ya mji kama mgeni asiyejua kuaga. Barabara ya maduka iliteremka mpaka kwenye mashine ya kusaga, na mtaro uliteremka nayo. Chama kilikuwa na sheria nyingi, lakini iliyoshika ni moja: kabla ya mvua za kwanza, kila duka lizibue kipande cha mtaro kilicho mbele yake. Zamani walitoka watu arobaini, kwa matusi na vicheko. Asubuhi hii walikuwa saba, na mmoja wao ni kinyozi, ambaye alikuja na mdomo tu.

"Katibu! Wenzako wanasema migongo inawauma."

"Na wewe?"

"Mimi ulimi hauniumi hata kidogo."

Aliyekuwa akikwaruza kwa sepetu tangu alfajiri ni Bi Mashine, mwenye mashine ya kusaga. Alikuwa amepandisha gauni hadi magotini, na tope limempiga mpaka kwenye nyusi. Mlangoni pake palikuwa na magunia yaliyofungwa kamba. Hayakuwa ya nafaka. Mpini wa sufuria ulikuwa umechomoza kwenye moja.

"Unahama?" Mama Vifungo aliuliza.

"Naliangalia wingu, dada. Miaka mitatu maji yananiingilia ndani. Mota nimeianika juani kama nguo za mtoto. Leo yakiingia tena, nawapigia simu watu wa lori. Mtabaki mkisaga kwa meno."

Mama Vifungo alijua maji yanakogeukia, na kila mtu alijua. Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, Misumari, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa ameufunika mtaro kwa zege ili mikokoteni ya wateja ipite. Chini yake aliacha bomba moja jembamba. Bomba likiziba, maji hupanda barabarani na kushuka moja kwa moja hadi kwenye mashine. Jambo ambalo watu hawakulisema mbele ya Mama Vifungo ni kibali cha zege hilo. Kilikuwepo, na kilikuwa na muhuri, muhuri uleule uliokuwa mkobani. Msiba ulikuwa bado mbichi, shemeji ndiye aliyehangaika na mazishi yote, na yeye aliugonga muhuri ule bila hata kwenda kutazama.

Alimkuta Misumari nyuma ya kaunta, akipanga vitasa.

"Shemeji yangu! Umekuja kunigombeza au kunioa?"

"Nikuoe wewe, nani atanipikia? Nimekuja kuvunja zege."

"Nina kibali."

"Najua. Niliyekosea ni mimi. Niligonga muhuri huku nalia, sikupima."

"Yakishamwagika hayazoleki, shemeji."

"Ya kwako hayamwagiki. Ndiyo shida yenyewe."

Misumari alicheka, kisha akakumbuka kwamba hapaswi kucheka. "Sivunji. Wateja wangu watapita wapi?"

"Sikukuomba uvunje." Mama Vifungo aliangalia ukutani. "Nyundo kubwa kuliko zote ni ipi?"

"Ile pale."

"Niuzie. Na risiti nataka."

Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Alimwandikia.

Pigo la kwanza juu ya zege lilimrudia Mama Vifungo mpaka kwenye meno. La pili lilimtoa machozi ya hasira. Kinyozi alinyamaza, jambo ambalo mji ule haukuwahi kulishuhudia. Saa nne ilipita bila mtu kuikumbuka. Alipiga, akapumzika, akapiga. Zege lilikuwa limepata ufa mmoja tu, mwembamba kama uzi wa kushonea, na tone la kwanza la mvua likaangukia juu ya ufa huo.

"Unashika nyundo kama mwiko," sauti ilisema nyuma yake.

"Basi niache nipike."

"Toka hapo, shemeji. Ukijivunja mguu, kaka nitamwambia nini siku nikimfuata?" Misumari aliichukua nyundo, akatema mate viganjani.

Tundu la upana wa mkono lilifunguka. Watu walipiga magoti, wakavuta mifuko, matambara, kiatu cha mtu. Kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja. Maji ya rangi ya kutu yalifika kwenye tundu, yakazunguka, yakanywewa. Mengine yalipita pembeni, yakashika barabara.

Mama Vifungo aliyafuata mpaka chini. Bi Mashine alikuwa ameketi juu ya magunia yake, simu mkononi. Maji yalikuwa vidole viwili chini ya kizingiti.

"Yanapanda?"

"Sijui. Kaa tuyatazame."

Alikaa. Mkobani, barua ilikuwa imelowa, na wino ulikuwa umeanza kutembea. Muhuri ulikuwa umejilalia chini kabisa, mzito na baridi. Kule juu nyundo ilikuwa ingali inapiga.

"Haya, leo yakipita," Bi Mashine alisema bila kuondoa macho kizingitini, "mwakani je? Watu saba, na mmoja kinyozi?"

Mama Vifungo alivua kiatu kimoja, akamimina tope.

"Mwakani," alisema, "sauti ya kwanza utakayoisikia itakuwa sepetu yangu. Wewe utakuwa bado umelala."