Vifungo vya Shati Moja

"Vifungo hivi ni vingapi?" mwalimu aliuliza mara ya tatu, akionyesha rundo la vifungo mezani. Msichana aliinama, akavitazama tu. Mama yake, fundi cherehani, alijua: mtoto akishindwa mtihani huu wa kuingia shule, atarudishwa nyumbani mwaka mzima. Akaomba moyoni, kisha akajikaza.

"Samahani, mwalimu. Kwetu mkubwa hamuulizi mtoto kitu ambacho yeye mkubwa anakiona. Wewe mtume tu akuletee."

Mwalimu akashusha pumzi. "Haya mwanangu, niletee vifungo vya shati moja."

Msichana akavichambua upesi, akaleta vinane.

"Shati lina saba," mwalimu alisema, kalamu ikishuka kuandika kosa. Mama akafumba macho.

"Saba vya kushona, mwalimu, na kimoja cha akiba," mtoto alinong'ona. "Watu wazima mnavipoteza."

Mwalimu akacheka, akaandika vema. Mama akafumbua macho.