Kitanda cha Tatu

Dorica alikipanga chumba kile kichwani hata kabla kuta hazijafika usawa wa dirisha. Nyumba ya zamani, ile ya karibu na maji, aliichukia tangu mvua za mwaka jana, ziwa lilipomchukua binti yake Arlène akioga na wenzake, na halikumrudisha. Mumewe Mwenze, mchuuzi wa samaki kutoka Kilwa ya ng'ambo, Kongo, akamjengea nyingine juu, kando ya barabara iendayo Nchelenge mjini. Chumba kimoja kikawa cha watoto: Mpundu, pacha wa Arlène, na mdogo wao Chama, ambaye kaptula bado anaivaa nyuma mbele.

Chini bluu, juu nyeupe. Rafu ya viatu mlangoni, maana Chama alikuwa na mchezo wa kutupa viatu popote. Kitanda cha Mpundu huku, cha Chama kule, katikati mkeka wa kuchezea. Dirisha Dorica alilitaka upande wa barabara. Mafundi wakaliweka upande wa ziwa, eti ndiko upepo unakotoka. Akanuna, akashona pazia zito, yakaisha.

Kosa alilifanya kwenye vitanda. Mapasa wale, ndivyo tuwaitavyo mapacha huku, walikuwa wakilala pamoja kwenye kitanda kimoja kipana cha mninga, mbao safi, kuitupa ni dhambi. Akamwita Dédé seremala akipasue katikati, atoe vitanda viwili vyembamba. Dédé alimuuliza kama ana hakika. Alipomaliza kupiga randa akauliza tena, akaambiwa afanye kazi yake. Basi nusu ya Mpundu ikabaki ya Mpundu. Nusu ya Arlène akapewa Chama, pamoja na shuka lake la kitenge chenye ndege wekundu.

Haya, wewe unayekaa na watu wa ziwa hili unajua kuzaa mapasa ni kazi gani. Ukimpa mmoja, umpe na mwenzake. Ukinunua gauni, nunua mawili. Na mmoja akienda, mahali pake panabaki pake, hapakaliwi na mtu. Dorica hakuhitaji kufundishwa; mtaa mzima ulimwita NaMpundu, mama wa mapasa. Ila alikuwa amechoka, masikini. Alitaka chumba cha watoto wanaopumua, basi.

Mama yake mzazi, bibi Mwenya, akaja kutoka Mununga kuiona nyumba. Sebule aliisifu, jiko akalisifu. Kwenye chumba cha watoto akakomea mlangoni.

"NaMpundu," alisema, "mutoto umemulalisha ku kitanda ya nani?"

Dorica alijaribu kucheka. Alisema mbao ni mbao. Bibi akapandisha sauti: kitu cha mtu hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe akikosa mahali pake atakuja kukidai, na akija haulizi nani alikuwa mdogo, nani hakujua. Arlène atengenezewe kitanda cha tatu, na upesi. Mwenze alisikia toka uani, akaingia. Yeye ni mzee wa kanisa. Akasema chini ya bati lake hakuna marehemu atakayetandikiwa, na mazungumzo yamekwisha. Hayakwisha. Walibishana pale pale, watu wazima watatu, na Chama ameketi mkekani na lori lake la kopo, mdomo wazi. Nani alimwangalia? Hakuna. Ndivyo tulivyo, tunadhani mtoto hana masikio mpaka siku tunapotaka kumtuma dukani.

Bibi alirudi kwao amevimba. Chama naye akabadilika. Viatu akavipanga vizuri kwenye rafu bila kuambiwa. Usingizini alijibana ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Dorica alimsikia akimuuliza dada yake Mpundu eti Arlène analala wapi siku hizi, naye akavuta pazia, akamwonyesha kwa kidole. Tangu hapo kila asubuhi pazia lilikutwa wazi. Dorica alilifunga, akalikuta wazi, akalifunga kwa pini. Alikwisha kupoteza mmoja, wa pili asingemweza. Lakini kwa mume hakusema. Angeambiwa aombe, na kuomba alikuwa anaomba.

Mwenze alipovuka kwenda Kilwa na boti yake, mkewe alikwenda mbio kwa Dédé. Kitanda kingine, alisema, na usimwambie mtu.

Kilifika mkokotenini, bado kinanuka vanishi. Wakakiweka chini ya dirisha. Dorica alikuwa anatandika, anajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu bibi aondoke, Mpundu alipoingia akasimama.

"Hii iko ya nani?"

"Ya Arlène," mama yake alimwambia.

Mpundu alifikiri. "Chama alienda kumurudishia shuka yake," alisema.

Dorica alikimbia. Alipita wanawake waliokuwa wakianika chisense, wale dagaa wetu, akawakanyagia, wakamtukana, hakusikia. Chama alikuwa ndani ya ziwa, maji kifuani, mikono mitupu mbele yake. Kile kitenge cha ndege wekundu kilikuwa kinakwenda. Upepo haukuwepo hata kidogo, nacho kinakwenda tu, kuelekea kwenye kina. Alimnyakua mtoto kwa kwapa. Chama hakulia.

"Alipokea, mama," Chama alisema. "Alisema bado kitanda."

Unafikiri angebishana na nani? Alimfunga mgongoni na maji yake, akapanda juu, akamkuta Dédé bado anakunja kamba zake. Wakakibeba kile kitanda cha nusu alicholalia Chama mpaka ufukweni, wakakisukuma ziwani. Kilielea, miguu juu. Dorica aliliambia ziwa likichukue chote, hata misumari, mradi liachane na mtoto wake.

Injini ya boti ikasikika. Mwenze huyo, anarudi. Dorica aliiona boti ikipunguza mwendo, injini ikazimika, mume wake akasimama akainama akakamata mguu wa kitanda. Alikijua. Akaanza kuliita jina la Chama huko huko majini, mzee wa kanisa, kwa sauti ambayo mkewe hakuisikia tena tangu zile mvua. Dorica akageuka, akampa mgongo, aone kwamba mtoto yupo.

Mpundu alikuwa amewafuata. Alisimama kando yao, anahesabu kwa vidole.

"Mama, sasa Chama atalala wapi?"

Dorica alifungua kinywa kutaja kitanda kipya.

"Ile mupya," Mpundu alisema, "ulisema iko ya Arlène."

Mgongoni, Dorica alikisikia kichwa cha Chama kikiitikia, taratibu, kwenye bega lake.